Injini Ilikuwa Inakohoa

Watu wakisikia kwamba mume wangu alikuwa rubani wa Migi, zile ndege za vita, wananitazama kama mtu aliyeokota dhahabu barabarani. Wanataka niwaambie ilikuwaje. Kwa muda mrefu nilikuwa sisemi kitu, maana nikifungua mdomo hasira inatangulia, na mtu mwenye hasira huwa hasikilizwi, anatulizwa tu. Sasa nimezeeka na wa kunituliza wamepungua. Nitasema.

Mimi ni mtu wa ziwani, kutoka Majita, ambako kila nyumba ina nyavu na kila nyumba ina shamba la mihogo. Nilisomea ualimu. Yeye alikuwa mtu wa Butiama, mtoto wa mfugaji. Walimchagua alipomaliza sekondari, wakampeleka China kujifunza kurusha ndege za vita, na aliporudi alikuwa amenyooka kama mlingoti, anakula kwa haraka, anajibu maswali kabla hujamaliza kuuliza. Tulifunga ndoa Musoma mjini. Baba yake alitoa ng'ombe wa mahari bila ubishi wowote, na ndugu zangu wakashangaa, kwa sababu mzee yule alijulikana hadi vijiji vya Buswahili kwa ugumu wake. Siku ile alikuwa anacheka peke yake. Mwanawe alikuwa mtu wa ndege.

Wiki za kwanza za ndoa yetu tuliongea habari za ndege kuliko habari zetu. Alinieleza Migi kama mtu anavyoeleza ukoo wake. Aliniambia Warusi waliichora kwa kazi moja: ipande haraka, ifike juu kabla adui hajafika, ipige, irudi. Kwa hiyo waliifanya nyembamba, yenye mabawa ya pembe tatu na injini moja tu. Mafuta yake yalikuwa machache kiasi kwamba rubani anaanza kufikiria kurudi wakati ndiyo kwanza ameondoka. Halafu Warusi wakawapa Wachina ruhusa ya kuiunda na wao, lakini kabla ya kumalizana kupeana michoro wakagombana. Wachina wakabaki na michoro pungufu na vipande vya mfano. Wakavifungua, wakapima kila kitu wenyewe, wakajaribu na kuharibu na kujaribu tena mpaka wakapata ya kwao.

"Hiyo ya kwao ndiyo tunayorusha sisi," alisema. "Ukiikalia unaona kabisa watu walivyohangaika."

"Na wewe unaamini kitu kilichoundwa kwa kubahatisha?"

"Hawakubahatisha. Walichelewa, lakini hawakubahatisha."

Alikuwa anaipenda. Naliweka hili wazi mapema, kwa sababu limenisumbua kuliko mambo mengine yote.

Vita na Uganda vilipoanza, mimi nilikuwa nafundisha Kigera, na nyumba yetu haikuwa mbali na uwanja wa ndege wa Musoma. Ndege zilipita juu ya mabati mpaka misumari inacheza. Watoto walijificha chini ya madawati, na wanawake waliotoka mwaloni kwa wavuvi na beseni za dagaa walijitupa chini dagaa wakamwagika, maana nani angejua ni yetu au ya Iddi Amin? Mara moja mume wangu alikuja nyumbani mchana, ananuka mafuta ya ndege mpaka kwenye nywele. Akaoga, akala ugali na samaki wa furu wa kuchemsha, akaniambia kuna wenzake ambao hawatarudi, akaondoka. Nilimwangalia akienda na nikajivuna. Sikuwa na hofu iliyozidi majivuno yangu.

Vita viliisha, na kila kitu kikaisha pamoja navyo. Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuambiwa. Sabuni hakuna. Sukari unapangia foleni duka la ushirika tangu alfajiri na unarudi na mfuko mtupu. Darasani tulikuwa tunakata chaki vipande vidogo. Mgonjwa anapelekwa hospitali na nduguze wanaambiwa watafute dawa Kenya. Sasa mtu anifafanulie: nchi ambayo haina dawa ya malaria itapata wapi vipuri vya Migi?

Injini ya ndege ile haikuumbwa iishi muda mrefu. Hilo aliniambia yeye mwenyewe. Ilikuwa na saa zake za kuruka, na saa hizo zikiisha inapaswa kutolewa, ipelekwe kiwandani nje, ifunguliwe yote. Kiwanda kinataka fedha za kigeni. Fedha za kigeni hazipo. Basi mafundi wakaanza kuchomoa kipande kwenye ndege hii ili ile nyingine iruke, kama watu wanaovua shati la maiti wamvike mgonjwa. Marubani wakakaa. Mume wangu alikuwa akija likizo ananiambia amekaa miezi hajagusa usukani, na mikono imeanza kusahau.

"Si mseme?" nilimuuliza. "Si mkatae?"

"Jeshini hatukataagi, mama. Tunaripoti."

Aliripoti. Hivyo ndivyo mgongo wake ulivyovunjika.

Palikuwa na sherehe, na kwenye sherehe ilitakiwa ndege zipite juu ya uwanja, wakubwa watazame juu, wananchi wapige makofi. Zilitakiwa ndege tatu. Sherehe ilikuwa huko pwani, mimi nilikuwa darasani Kigera. Mwalimu mkuu akaja mlangoni akaniita kwa sauti ya upole ambayo hakuwahi kuitumia, nikajua. Nilipanda gari mpaka Mwanza, nikapanda treni, na njia nzima nilikuwa sijui kama ninakwenda kuuguza au kuzika.

Nilimkuta hospitali amelala chali. Ndege ilikuwa imezima muda mfupi baada ya kuondoka ardhini, chini mno, na kiti cha dharura kilimfyatua, kikamwokoa roho na kumvunja uti wa mgongo. Ndege ilianguka kwenye mashamba, haikuua mtu. Miguu yake ilikuwa pale kitandani lakini haikuwa yake tena. Aliponiona machozi yakamtoka, akasema, "Nisamehe. Nimeiangusha."

Nilitaka kumpiga. Naapa, mtu amelala na mgongo uliovunjika na mimi nilitaka kumpiga kibao, kwa sababu alikuwa ananiomba msamaha kwa niaba ya bati.

Baadaye akanieleza. Ndege tatu zilipokuwa zinasogea kwenda kuruka, alisikia injini yake inakohoa. Akasema redioni, injini inakohoa, naomba nirudi. Akajibiwa na mkubwa wake kwamba ndege tatu lazima zipite, mbili zitaonekana umaskini.

"Alisema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mbili zitaonekana umaskini."

"Nani mwingine alisikia?"

"Wenzangu walikuwa wawili. Mmoja redio yake ilikuwa mbovu, haisikii wala haisemi. Mwingine alisikia."

Huyo mwingine nilimfahamu. Walikuwa China pamoja, wakalala chumba kimoja, alisimama karibu yake siku ya ndoa yetu. Lakini tume ya uchunguzi ilipomuuliza, alisema hakusikia kitu chochote redioni. Mkubwa naye akasema hakuna ripoti iliyotolewa. Basi afisa mmoja akaja wodini, akasimama miguuni pa kitanda, akamsomea mume wangu kwamba ajali imetokana na uzembe wa rubani. Mume wangu akasema, "Ndiyo, afande." Mtu hawezi kukaa, hawezi kujisaidia mwenyewe, anasema ndiyo, afande.

Nikamrudisha Mara. Nilipata uhamisho kwenda Kiabakari, tukapewa nyumba ya zamani iliyobaki tangu enzi za mgodi wa dhahabu, yenye sakafu ya saruji ambayo magurudumu yangeweza kupita. Kiti cha magurudumu alitengeneza fundi baiskeli wa Bunda. Nilijifunza kumgeuza kitandani ili asipate vidonda, nikajifunza kumwosha, nikajifunza kwenda darasani na uso mkavu. Yeye alijifunza kutengeneza redio za watu, na alizitengeneza vizuri, na watu walimpenda. Watoto wa shule walimletea madaftari awachoree Migi. Aliwachorea. Mimi nilipokuwa nasahihisha madaftari hayo nilikuwa nageuza ukurasa ule haraka.

Baba yake hakuja.

Habari zilikuwa zimefika Butiama kabla yetu, kwamba kijana ameangusha ndege ya serikali kwa uzembe, wengine wakaongeza kwamba alikuwa amelewa. Mzee aliona aibu. Kwetu huku, mke wa mtoto hasimami akazungumza na baba mkwe uso kwa uso. Unapita pembeni, unatuma mtu. Mimi nilikwenda mwenyewe. Nilisimama kwenye uwanja wake, nimeangalia chini kama inavyotakiwa, nikamwambia mwanao aliripoti, wakamlazimisha. Akanijibu bila kuniangalia, "Mwanamke lazima amtetee mumewe," akaingia ndani akafunga mlango. Nilirudi Kiabakari kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikiongea peke yangu kama kichaa. Mume wangu aliponiuliza nilitoka wapi, nilisema shambani.

Miaka ikaenda. Ikaja miaka ya ruksa. Mitumba ikajaa kando ya barabara, soda zikarudi, mtu aliyekuwa akiitwa mlanguzi akaitwa mfanyabiashara, na wanunuzi wa dhahabu wakaanza kuzunguka Kiabakari na magari yao. Siku moja mchana pikapu ikasimama mbele ya nyumba yetu, akashuka mtu mnene mwenye miwani ya jua. Sikumtambua mpaka aliposema, "Shemeji! Hunijui?"

Alikuwa yule aliyesikia redioni akakana. Alikuwa ameacha jeshi, sasa ananunua dhahabu. Alileta mkate, sukari na koti la mtumba kwa ajili ya mume wangu, zuri kabisa. Mume wangu alipomwona alipiga kelele ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu kabla ya ajali. Wakakumbatiana, mmoja ameinama na mwingine amekaa. Mimi nikaenda jikoni kukaanga sangara kwa ajili ya mgeni, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Kutoka jikoni niliwasikia. Walikuwa wanaongea vineno vya Kichina na kucheka. Nikachungulia mlangoni. Viganja vyao vilikuwa vinafukuzana hewani, kiganja kimoja ndege ya adui, kingine Migi. "Ile mashine, ndugu yangu," mgeni anasema, "ikipanda hakuna kitu kinaikamata!" Na mume wangu anaitikia, "Hakuna! Hakuna!" Uso wake ulikuwa wa kijana.

Nikaweka sangara mezani, nikaweka ugali, nikawanawisha mikono. Halafu nikasema, "Shemeji, nina swali. Redio yako siku ile ilikuwa nzima?"

Akaacha tonge kwenye sahani.

"Mama," mume wangu akasema, "acha."

"Siachi. Shemeji, ilikuwa nzima au mbovu?"

"Shemeji, hayo mambo ya zamani."

"Ya kwako ndiyo ya zamani. Mimi namgeuza kitandani kila asubuhi. Ya kwangu ni ya leo."

Akavua miwani. Akamwangalia mume wangu, mume wangu akaangalia dirishani. Akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa nzima. Nilisikia. Mkubwa aliniita kabla ya tume, akaniambia kuna kozi nje, na kwamba mtu anayetaka kozi hasikiagi vitu vingi. Nilikuwa na watoto wadogo."

"Na huyu alikuwa na nini? Kuku?"

"Nimekosa, shemeji."

"Nenda ukawaambie hao waliokuuliza."

"Siwezi. Nikienda huko watanifunga, na yeye hawatamwongezea hata mguu mmoja."

Nikasema, "Basi twende Butiama. Ukamwambie baba yake."

Hapo mume wangu ndipo alipokasirika, na kumbe hasira aliyokuwa nayo alinitunzia mimi. Alipiga mkono wa kiti, akasema hataki, akasema yeye na mwenzake wamekwisha kuelewana tangu zamani bila maneno, akasema mimi sijui urubani ni kitu gani. Nikamjibu, "Wewe umemsamehe kwa sababu mlirusha ndege pamoja. Mimi sijawahi kurusha ndege na huyu mtu." Nikavua aproni nikaenda kukaa kwenye pikapu. Mgeni alisimama sana pale mlangoni. Mwishowe akaja, akawasha gari.

Tulimkuta mzee anamfunga ndama kamba, anataka kumtia dawa kwenye kwato. Aliponiona nimeshuka kwenye gari na mwanamume asiyemjua, alinyanyuka. Sikuangalia chini. Nilimwangalia usoni, nikasema, "Baba, huyu alikuwa kwenye ndege ya pili. Msikilize yeye, si mimi."

Yule bwana akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kuzunguka, anataja taratibu za jeshi. Mzee akamkata.

"Mwanangu alisema injini ni mbovu?"

"Alisema, mzee."

"Ulisikia kwa masikio yako?"

"Nilisikia."

"Na ulipoulizwa?"

"Nilisema sikusikia."

Mzee akaachia kamba, ndama akakimbia na kwato yake mbovu. Nilidhani atampiga. Alikuwa na fimbo na alikuwa bado na nguvu. Akasema tu, "Panda gari lako uondoke, kabla sijasahau kwamba umeletwa na mke wa mwanangu." Yule bwana akapanda. Hakurudi tena Kiabakari, na sikumkumbuka kwa wema.

Tukabaki wawili, jambo ambalo si adabu. Akaniuliza, "Wewe ulijua?"

"Tangu hospitali."

"Mbona hukuniambia?"

Hapo ndipo nilipopayuka, mimi mke, mbele ya baba mkwe. "Nilikuambia! Nilisimama pale, pale penye jiwe, ukaniambia mwanamke lazima amtetee mumewe! Ukafunga mlango! Umehitaji mwanamume aje na gari ndiyo usikie!" Wanawake wa boma walitoka nje wakashika midomo. Mzee aliangalia lile jiwe. Kisha akaita kijana wake mwingine anisindikize nyumbani, na mimi nikakataa kusindikizwa.

Alikuja Kiabakari kabla ya juma kuisha, kwa baiskeli, amevaa koti la kanisani. Nilimpa kiti, nikarudi jikoni nikaacha mlango wazi. Hawakusalimiana. Nikamsikia mzee anauliza, "Hiyo ndege ilikuwaje?"

Mume wangu akaanza kwa Warusi, kama alivyonianzia mimi. Michoro, ugomvi, Wachina. Mzee alisikiliza yote, anauliza maswali ya mtu wa mifugo: inakula nini, inachoka baada ya muda gani, nani anaitibu.

"Injini moja tu?"

"Moja, baba."

"Na ikifa?"

"Ikifa inakuwa jiwe."

"Na mlijua imechoka?"

"Tulijua zote zimechoka."

"Na mkubwa wako yuko wapi?"

"Amestaafu. Ana mashamba."

Mzee akasema, "Nionyeshe palipovunjika." Mume wangu akainama mbele kwenye kiti, baba yake akamnyanyua shati, akaweka kiganja chake pale juu ya kovu, akakiacha. Niliondoka mlangoni. Tangu siku ile alikuja mara kwa mara, na maziwa kwenye kibuyu, na walikuwa wanakaa uani wakisikiliza zile redio.

Mimi nilikwenda Musoma kwenye ofisi ya watu wanaohusika na mambo ya askari wa zamani. Nilieleza kila kitu. Kijana aliyekaa mezani alikuwa na adabu sana. Akaniambia, "Mama, hayo yameshapita, sasa hivi tunajenga uchumi." Nilikwenda tena, nikakuta mwingine mwenye adabu vilevile. Ile ripoti ya uzembe haikuandikwa upya.

Mume wangu alikufa kwa figo, kama wanavyokufa wengi wenye migongo iliyovunjika. Tulimzika Butiama. Jeshi lilimtuma afisa mmoja kijana aje kusema maneno machache, na alisema vizuri, alitaja vita, alitaja ujasiri, alitaja Migi kwa jina lake kamili mpaka vijana wakanong'onezana. Kisha akasema kwamba kwa bahati mbaya utumishi wa marehemu ulikatishwa na ajali iliyotokana na makosa ya kibinadamu.

Baba mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kiti mbele, amezeeka, haoni vizuri. Akanyanyuka kwa kushika bega langu. Mbele ya watu wote, bega langu.

"Binadamu gani?" akauliza.

Yule kijana akatabasamu kidogo, akidhani mzee hakusikia. "Makosa ya kibinadamu, mzee."

"Nimesikia. Nakuuliza binadamu gani? Mtaje."

Kijana akaangalia karatasi yake, akamwangalia mchungaji. Hakuwa na jina, masikini, alikuwa hajazaliwa au ananyonya wakati ule. Akakunja karatasi akakaa. Mchungaji akafanya ishara, kwaya ikaanza kuimba kabla ya zamu yake, kwa sauti zisizopatana, na mzee alibaki amesimama, ameng'ang'ania bega langu, bado anasubiri kujibiwa.